Yowe Halisubiri Usiku

Fikiria uko Kidato cha Pili katika shule ya sekondari pale Kiloleli, mkoani Simiyu. Kengele ya kutoka imelia, jua bado kali, mnatembea kundi zima kuelekea nyumbani. Mbele yenu anakwenda msichana wa Kidato cha Kwanza mwenye ualbino. Amejitanda khanga kichwani. Kijana mmoja nyuma yako anapaza sauti: "Oyaa, dili hilo linapita!" Wenzake wanacheka. Msichana hageuki. Anaongeza mwendo tu.

Je, wewe unafanya nini?

Usiharakishe kujibu. Darasani, mbele ya mwalimu, kila mtu atasema "ningemkemea". Lakini barabarani mambo ni mengine. Wengi wetu hucheka kidogo, kicheko cha nusu, ili tusionekane tumejitenga na kundi. Na wewe mwenyewe unajua moyoni kwamba hukupenda. Tatizo ni kwamba yule aliyepaza sauti hauoni moyo wako. Yeye anasikia kicheko, basi. Na msichana naye anasikia kicheko hicho hicho. Kwake, mmecheka wote.

Makala hii inazungumzia hicho kicheko cha nusu, na njia za kukigeuza kuwa sauti ya kumtetea mwenzako.

"Dili" ni bei

Hebu tulitazame neno lenyewe. Dili mtaani ni biashara ya haraka yenye faida. Unapomwita mtu dili umekwisha kumpangia bei. Umesema kwamba mwili wake ni mali inayoweza kuuzwa.

Huu si utani uliotoka hewani. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Waganga matapeli waliwaambia watu wenye tamaa kwamba viungo vya binadamu mwenye ualbino huleta utajiri: dhahabu kwa mchimbaji, samaki kwa mvuvi, bahati kwa anayetaka cheo. Ni uongo mtupu. Hakuna mtu aliyewahi kutajirika kwa kiungo cha mwenzake isipokuwa huyo mganga aliyelipwa. Lakini uongo huo uliua. Kati ya mwaka 2000 na 2015 watu zaidi ya 70 wenye ualbino waliuawa nchini Tanzania, na wengine wengi walikatwa mikono wakabaki hai. Mei 2014 mwanamke mmoja mwenye ualbino aliuawa hapa hapa mkoani Simiyu. Na usidhani hayo ni ya zamani tu. Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza alichukuliwa nyumbani kwao, akauawa.

Sasa utasema, "Lakini sisi tulikuwa tunatania tu, hatuna panga wala hatuendi kwa mganga." Ni kweli. Lakini fikiri hivi. Mtu hapangi kumuua mtoto wa jirani, mwanafunzi mwenzetu, binti wa fulani anayeimba kwaya. Kwanza lazima jina lake lipotee. Lazima awe kitu. Kazi hiyo ya kumfanya kitu haifanywi porini usiku, inafanywa mchana, barabarani, na watoto wa shule wanaocheka. Anayetafuta dili anapopita kijijini na kusikia kila mtu analitamka neno hilo bila aibu, anajua hapa hakuna atakayejali sana.

Wewe uliyekulia Usukumani unajua maana ya yowe. Ng'ombe wakiibwa usiku, mwenye boma anapiga yowe, jirani analipokea, na jirani wa jirani analipeleka mbele, mpaka vijiji vitatu viko nje na fimbo. Wazee wa sungusungu, tangu walipoanza miaka ya 1980, walikuwa wakali sana kwa jambo hili. Asiyetoka kitandani aliulizwa kesho yake: ulikuwa wapi? Hakuna aliyeweza kujitetea kwa kusema, "Ng'ombe hawakuwa wangu."

Je, kwa binadamu tunasemaje? Mara ngapi tumesema, "Si ndugu yangu"?

Wapo waliotoka

Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema alikuwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam. Yeye hana ualbino. Angeweza kuandika habari za mauaji kutoka ofisini, akitaja idadi na kunukuu polisi. Badala yake alikwenda Kanda ya Ziwa kwa waganga, akijifanya mfanyabiashara anayetaka utajiri. Waganga wakamtajia bei. Aliporudi akatangaza aliyoyasikia, dunia nzima ikajua soko hilo lipo na linaendeshwaje. Alitishiwa maisha, ikambidi ajifiche kwa muda. Baadaye aliacha kazi ya redio akaongoza shirika la Under the Same Sun hapa Tanzania, linalowatetea watu wenye ualbino. Huyo ndiye ninayemwita mtetezi. Jambo halikuwa lake kwa ngozi, akalifanya lake.

Mwaka huo huo wa 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino kuingia katika Bunge la Tanzania. Miaka miwili baadaye, kwenye uchaguzi wa 2010, Salum Barwany aligombea jimbo la Lindi Mjini na akashinda. Yeye ndiye mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge kwa kura za wananchi.

Hapa naomba tusimame kidogo. Kwa kawaida tunamsifu Barwany, na anastahili. Lakini wafikirie wale wapiga kura wa Lindi. Ilikuwa miaka ya mauaji. Redio kila wiki ilikuwa na habari mbaya. Na maelfu ya watu wa kawaida, mama wauza samaki, waendesha baiskeli, wakaingia mmoja mmoja kwenye chumba cha kura na kuweka alama kwenye jina lake. Hakuna aliyewapiga picha. Hakuna anayejua majina yao. Mimi nawahesabu nao kuwa watetezi, tena kwa wingi kuliko wote.

Usisahau pia kwamba watu wenye ualbino hawakukaa kusubiri kutetewa. Chama chao hapa nchini kilianzishwa mwaka 1978, miaka karibu thelathini kabla ya mauaji hayo kuvuma. Marehemu Josephat Torner, mwenye ualbino mwenyewe, alipita kijiji kwa kijiji Kanda ya Ziwa, akasimama mbele ya watu ambao miongoni mwao pengine walikuwemo waliotaka kumuuza, akawaambia: niulizeni mnalotaka kujua. Ujasiri wa namna hiyo sikuombi wewe. Ninachokuomba ni kidogo zaidi: akisimama mtu wa namna hiyo, asisimame peke yake.

Uzio uliozunguka upande usiofaa

Serikali nayo haikukaa kimya. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na katika miezi michache waganga zaidi ya 200 walikamatwa.

Na watoto? Mamia walipelekwa kwenye shule na vituo vyenye ulinzi: Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, Kabanga wilayani Kasulu. Walikwenda huko wapate kuishi, na waliishi. Lakini watoto wengine walifika wakiwa wadogo kabisa, wakakua bila kumjua mama yao kwa sura. Aliyekosa ni mwindaji, aliyefungiwa ni mtoto. Ukilitazama vizuri, uzio huo ulijengwa kwa sababu kijiji kilishindwa kuwa uzio. Kama majirani wangetosha, mtoto angelala kwao.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la polisi peke yao, wala si la Dodoma. Ni la Kiloleli, Bariadi, Maswa, Meatu. Ni la darasa lako.

Fahamu kabla hujasema

Mtetezi asiyejua kitu huaibika haraka. Akiulizwa swali moja tu, "Kwani wewe unajua wanatoka wapi hawa?", ananyamaza. Basi tujifunze.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na kitu kinachoitwa melanini. Mwili hutengeneza melanini kwa maelekezo ya vinasaba, au jeni kama mnavyoandika kwenye Biolojia. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nakala moja yenye hitilafu na moja nzima, ile nzima inatosha, ngozi yako inakuwa ya kawaida, na wala hutajua kamwe kuwa umebeba hitilafu. Lakini watu wawili waliobeba hitilafu ya jeni ile ile wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata nakala mbili zenye hitilafu. Huyo mtoto atakuwa na ualbino. Chora kile kisanduku cha Mendel kwenye daftari lako, utaona mwenyewe.

Kwa hiyo mama hakuzini na mzungu. Hakuvuka kaburi. Hakulaaniwa. Na baba anayemkimbia mke wake kwa sababu kazaa mtoto mwenye ualbino anakimbia damu yake mwenyewe, maana nusu ya sababu ilitoka kwake. Ualbino hauambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kukaa dawati moja. Tanzania ina watu wengi wenye ualbino kuliko nchi nyingi duniani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto 1 katika kila watoto 1,400 wanaozaliwa, wakati Ulaya na Marekani ni kama 1 katika 17,000 hadi 20,000. Huenda na wewe unayesoma hapa umebeba nakala moja. Hujui.

Eti hawafi, wanatoweka? Wanakufa kama sisi. Zamani wengine walifichwa ndani tangu utotoni na kuzikwa kimya kimya, na wengi walikufa mapema kwa saratani ya ngozi. Majirani walimwona mtoto, kisha wasimwone tena, wakasema katoweka.

Na lipo la hatari kuliko yote kwa afya: uvumi kwamba kulala na mwanamke mwenye ualbino kunaponya UKIMWI. Hakuponyi. Hakuna tendo la ndoa na mtu yeyote linaloponya UKIMWI. Kinachotokea ni msichana kubakwa na kuambukizwa virusi. Dawa za kufubaza virusi zipo hospitali, na zinatolewa bure.

Kofia, kivuli na dawati la mbele

Mauaji yanatisha, ndiyo maana yanaandikwa magazetini. Lakini adui anayewamaliza watu wengi zaidi wenye ualbino hana panga. Ni jua. Na dhidi ya huyu, wewe mwanafunzi una uwezo mkubwa ajabu.

Melanini ni mwavuli wa ngozi. Asiye nayo huungua kwa muda mfupi tu juani. Ngozi hubabuka, hukauka, hutoka madoa na magamba, na baada ya miaka, saratani. Mkoani Simiyu kazi ni pamba na ng'ombe, na zote ziko juani. Shuleni nako tunasimama mstarini, tunafyeka, tunachota maji. Jua kali zaidi ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, yaani karibu siku nzima ya shule.

Kinachosaidia ni kofia pana inayofunika masikio na shingo (kapelo haitoshi, masikio yanabaki nje), shati la mikono mirefu, sketi ndefu au suruali, na losheni ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, inayopakwa tena kila baada ya saa mbili. Losheni moja, Kilisun, ilibuniwa na kuanza kutengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta ya kawaida ya kupaka hayazuii jua. Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki tatu au nne, hasa usoni, mdomoni, masikioni, shingoni na nyuma ya mkono, lisisubiri. Liende hospitali. Likiwa dogo, daktari anaweza kuliondoa kwa kuligandisha tu. Likiachwa, safari itakuwa ya Bugando kwa upasuaji, na huenda isitoshe.

Macho nayo yana shida yake. Melanini inahitajika jicho linapojengeka tumboni, na bila hiyo uoni unakuwa hafifu, mwanga unaumiza, na macho huchezacheza yenyewe. Miwani husaidia kiasi, hairudishi uoni wote. Kwa hiyo mwenzako anayesogeza kitabu puani hajifanyi. Anayekupita bila salamu hana maringo, hajakuona. Na anayepata alama 20 kwenye Hisabati pengine hakuona kilichoandikwa ubaoni, akanakili 3 badala ya 8 mwaka mzima. Wangapi wamefukuzwa shule na ubao, huku tukisema hawana akili!

Sasa utetezi wako hapo ni upi? Ni kumwachia nafasi ya mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi usoni. Ni kusoma kwa sauti kile mwalimu anachoandika. Ni kumwazima daftari lako jioni bila kumnyanyapaa. Ni baraza la wanafunzi kwenda kwa mkuu wa shule na kusema, "Shikamoo mwalimu. Tunaomba mwenzetu aruhusiwe kuvaa kofia na shati la mikono mirefu mstarini, na apangiwe kazi za ndani au za asubuhi." Ni kiranja kubadilisha zamu bila kelele. Na ni kumkumbusha mwalimu wa taaluma mapema kwamba Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini lazima shule itoe taarifa wakati wa kujiandikisha. Shule ikisahau, mtahiniwa ndiye anayeumia Novemba.

Hayo yote hayana ushujaa wowote wa sinema. Yanachosha kidogo, yanahitaji kukumbukwa kila siku. Lakini yanaokoa ngozi na yanaokoa masomo.

Muulize kwanza

Wapo watetezi wengine wanaochosha kuliko wachokozi. Mtu anasimama mstarini na kuhutubia kuhusu "hawa wenzetu wanaoteseka", huku mwenyewe anayehutubiwa anatamani ardhi ipasuke. Sasa shule nzima imegeuka kumtazama. Hakuombwa. Hakuulizwa.

Kumbe ilitosha kumsogelea na kusema:

"Jana walivyokuita vile sikupenda. Ungetaka niseme kitu, au tuachane nao?"

Anaweza kujibu: "Achana nao, nimezoea." Usibishane naye. Lakini unaweza kumwambia, "Sawa. Mimi sicheki tena. Na tukitoka tutembee wote." Au anaweza kusema: "Wewe waambie, mimi wakinisikia wanazidi." Hapo umepewa ruhusa. Siku nyingine anaweza kutaka aseme mwenyewe, na kazi yako ni kusimama pembeni yake na kunyamaza.

Muulize pia anapenda kuitwaje. Wengi wanapenda kuitwa mtu mwenye ualbino. Wengine hawana shida na albino. Zeruzeru wengi wanalichukia, kwa sababu wamelisikia pamoja na matusi. Lakini jina analolipenda kuliko yote, nakuhakikishia, ni lile lililo kwenye daftari la mahudhurio.

Na kwa yule aliyepaza sauti barabarani? Usianze na matusi, utampa sababu ya kupigana. Maneno machache yanatosha, na yasemwe na mtu wa kundi lake: "Acha hizo bwana. Huyo ni mtoto wa watu, hauzwi." Kisha endelea na safari na mazungumzo mengine. Ajabu ni kwamba mmoja akisema, wawili watatu wanapumua. Kumbe nao hawakupenda. Walikuwa wanasubiri wa kwanza.

Ukisikia jambo zito

Utani ni jambo moja. Lakini tuseme umesikia mazito: mtu anauliza sana nyumba ya yule mtoto iko wapi na nani hulala naye, mgeni anaahidi fedha nyingi, mjomba amelewa na kutaja mganga na bei.

Usiende kumkabili. Usimfuatilie usiku ili upate ushahidi. Hiyo si kazi ya mwanafunzi, na waliojaribu mambo hayo walikuwa watu wazima wenye msaada nyuma yao, na bado walijificha. Kazi yako ni kupeleka habari kwa mtu mzima siku hiyo hiyo. Anza na mwalimu unayemwamini, au mtendaji wa kijiji au kata, au afisa ustawi wa jamii. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Na ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Unapiga bure, na si lazima uwe wewe mwenye tatizo. Polisi kwa dharura ni 112.

Kwa nini nimetaja watu wengi? Kwa sababu mara nyingine hatari iko nyumbani. Katika kesi ile ya Muleba, baba mzazi wa mtoto alikuwa miongoni mwa watu tisa walioshitakiwa. Kwa hiyo usiseme, "Nimemwambia baba yake, inatosha." Kama wa kwanza amekujibu "mambo ya watu wazima hayo, mwanangu", nenda kwa wa pili. Kama wa pili amecheka, piga 116.

Na kosa lingine kubwa ni hili: kumnyooshea mtu kidole mbele ya umati. Ukipaza sauti sokoni kwamba yule mgeni anawinda watu, anaweza kuuawa kabla polisi hawajafika, na huenda alikuwa mnunuzi wa pamba tu. Kanda yetu imeua watu kwa tuhuma tupu. Bibi wangapi wameitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wakati macho yale yaliharibiwa na moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe na mabua miaka arobaini! Mpiga ramli aliyesema "ua mwenye ualbino, utatajirika" na aliyesema "bibi yule ndiye aliyemloga mwanao" ni wa mfuko mmoja. Ukimkataa kwa moja, mkatae na kwa lingine. Taarifa yako itaje ulichosikia, wapi, lini, kutoka kwa nani. Usiongeze chumvi.

Zoezi la klabu

Wiki hii jaribuni igizo hili kwenye klabu yenu ya afya. Watu sita wawe kundi linalotoka shule, mmoja wao ndiye anayepaza sauti. Mmoja awe mwanafunzi mwenye ualbino. Kama mnaye mwenzenu mwenye ualbino, asilazimishwe kucheza nafasi hiyo. Aulizwe kama anataka kuandika maneno, au kuwa mwamuzi, au kukaa nyumbani siku hiyo.

Chezeni mara tatu. Mara ya kwanza wote wacheke. Mara ya pili mmoja tu aseme, wengine wanyamaze. Mara ya tatu mmoja aseme na wawili wamuunge mkono. Kila mara, yule aliyecheza nafasi ya mwanafunzi aeleze alijisikiaje, na yule aliyepaza sauti aeleze ni sauti ya nani iliyomnyamazisha.

Kisha tazameni darasa lenu. Nani amekaa wapi? Dirisha liko upande gani? Kanuni za shule zinasema nini kuhusu kofia? Mgawanyo wa kazi za nje unapangwa na nani, na anapatikana saa ngapi?